Sampuli

Miaka ishirini na sita, ghalani Kitangari,
nimepasua korosho za watu.
Gunia halisemi. Ganda halisemi.
Unachota konzi moja, unakata kwa kisu,
ndipo unaona: nyeupe, yenye madoa, iliyooza.
"Daraja la pili, Nantende, usininunie.
Si mimi niliyeiozesha, mimi nimeiona tu."

Mwaka juzi, mabibo yakianza kuanguka,
nikaona damu chooni.
Nikasema ni mabibo.
Mabibo yakaisha. Nikasema bawasiri,
nikachemsha mizizi aliyonichimbia shemeji.
Mkanda ukaingia tundu la tatu, kisha la tano.
Nikasema uzee; tangu lini mzee akahitaji mkanda mrefu?

Somoe mke wangu hakuuliza.
Alianza tu kwenda chooni baada yangu,
na tochi.

Asubuhi moja nikakuta nauli ndani ya kofia yangu.
"Ndanda," akasema. "Leo.
Au niwaite wapwa zako niwaeleze unachotoa."

Nesi, rika la mjukuu wangu,
akanipa kikopo chenye kifuniko cha buluu,
akalitaja neno bila kushusha sauti: choo.
Nikatazama ukuta.
"Babu, kazi yako nini?"
Nikamwambia.
Akacheka hadi akashika meza.
"Sasa mimi nikufundishe nini?
Kalete sampuli."

Wakapima. Wakaingiza bomba lenye taa
mahali ambapo hata Somoe sijawahi kumtajia.
Uvimbe, utumbo mpana.
Daktari akasema nimewahi,
au alisema uvimbe ulikuwa haujawahi, sikumbuki,
nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.
Wakakata shubiri moja na nusu.
Kovu lile, nikikohoa, bado linajua jina langu.

Msimu huu mizani imefunguliwa.
Nantende ameleta magunia saba,
amekalia ukingo wa benchi
kama mtu aliyekalia yai.
Mkanda wake nimeuona: tundu jipya,
limetobolewa kwa msumari.

Nikachota, nikakata. Nyeupe, zote.
"Daraja la kwanza," nikasema kwa sauti, watu wakasikia.
Kisha nikainama sikioni:
"Hizi nimezikata. Wewe nani amekutazama ndani?"

Akatazama mizani, kimya,
kana kwamba bado inapanda.

Jioni, nikifunga ghala,
nikamsikia anamwuliza karani
nauli ya Ndanda siku hizi imefika ngapi.