Nyongeza

Kwa Ofisi ya Udahili.
Ni mimi tena, yule wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya tano,
niliyetuma fomu Desemba, usiku wa mvua,
stima ikapotea kidole kikiwa hewani
na kurudi nikiwa nimeshamwomba Mungu mara mbili.

Mlisema: kukizuka jambo jipya, tuarifu.
Basi limezuka. Yamezuka matatu.
Kisanduku chenu kinameza maneno mia mbili tu,
nami nimeshakula thelathini kwa salamu.

La kwanza lina cheti.
Nafasi ya pili, kongamano la sayansi, kaunti nzima:
kifaa cha kupima chumvi katika maji ya kisima.
Wa kwanza alileta roboti.
Roboti iliwapungia majaji mkono.

La pili lina barua na muhuri wa Mwalimu Lusweti.
Wino ulikuwa umekauka, akaupulizia pumzi
kama mtu anayefuta miwani,
ukagonga nusu duara.
Barua yasema nimefundisha hesabu jioni tangu Januari,
watoto kumi na mmoja.
Haisemi sasa ni tisa.
Wawili walihama usiku, kodi ikiwafuata nyuma.

La tatu halina karatasi.

Kwetu maji huja Jumanne na Jumamosi,
saa nane za usiku, yakipenda.
Februari Mama Kerubo na bawabu waling'ang'ania bomba,
mtungi wa manjano ukapasuka katikati yao
na lita ishirini zikateremka ngazi, sote tukizitazama.
Kesho yake nikafungua daftari la kemia, kurasa za nyuma,
nikachora jedwali: milango thelathini na miwili,
mwenye mtoto mchanga atangulie,
mzee wa mlango wa kumi na nne apelekewe.
Walinicheka. Kisha wakaanza kuniuliza zamu.
Haujapasuka mtungi mwingine.

Kaka yangu Mwadime anasoma juu ya bega langu.
"Hiyo si tuzo, Mghoi. Hayo ni maji. Futa."
Nikafuta.
Nikarudisha.
Nikafuta tena, nikaacha nafasi tupu
pale palipokuwa na milango thelathini na miwili.

Mama yuko sakafuni na sare alizobeba kutoka Uhuru Market,
pini mdomoni, sketi kumi na nane za bluu.
"Unawaandikia nini tena watu hao? Si ulishamaliza?"
"Ni nyongeza, Mama."
Akatoa pini moja moja.
"Nyongeza huombwa na mnunuzi.
Muuza maharagwe akikutilia konzi kabla hujafungua kinywa,
wewe yachungulie hayo maharagwe."

Tukanyamaza. Cherehani ikaendelea na maneno yake.
Nami nikaiona barua yangu kwa macho ya mgeni,
nimesimama mlangoni kwa watu
nikitikisa kikapu ambacho hakuna aliyekiulizia.

Halafu, bila kuinua kichwa, akageuza sketi ndani nje.
"Lakini tazama hapa."
Upindo. Mpana kama kiganja, umekunjwa, umefichwa.
"Huu hakuna anayenilipa. Wala hawauoni.
Nauacha kwa sababu mtoto hakai alivyopimwa."

Sikumjibu.
Nilirudi kwenye kisanduku, nikapunguza salamu,
nikamnyima yule wa roboti sentensi yake,
na pale penye nafasi tupu nikaandika:
*Tangu mnipime, nimegawa maji.*

Nilituma saa nane kasorobo, bando za usiku zikiwa nafuu.
Jibu lilirudi kabla sijavuta pumzi:
Tumepokea. Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Sikuwa na nia ya kujibu.
Ukutani bomba lilikohoa, likakohoa tena,
na chini mtu akaita jina langu, si kwa sauti kubwa.
Nikachukua daftari, nikashuka.
Zamu ilikuwa ya mlango wa tisa.