Kabla Hujanunua Nyasi

Hongera ya nyumba, Msellem. Ufunguo umeupata,
sasa nisikilize kabla hujanunua nyasi.
Usianze na bustani. Anza na tangi.
Panda darini alfajiri, jua halijawa kali,
funua kifuniko, chungulia:
muuzaji huzisifu kuta,
njiwa aliyezama hamtaji.

Bonde lilipita wapi mwaka ule wa kimbunga?
Kamuulize muuza gesi wa pale kona.
Usimuulize dalali. Amerat ya dalali
haijawahi kunyesha mvua.

Kisha kabisha hodi kwa jirani wa kulia.
Husemwa mgeni ndiye hutembelewa. Husemwa.
Wewe nenda, na mkate wa kumimina,
iliki usiionee choyo,
na sahani iwe ya udongo:
ya karatasi haijui njia ya kurudi.
Watakuuliza kabila, jibu.
Watakuuliza mbona Kiarabu chako kinachechemea,
sema Rumonge, sema Bujumbura,
wala usimeze mate.

Dirisha la jikoni lisichungulie uwani kwao.
Na maji ya kiyoyozi yaangukie kwako.
Mimi nilinuniana na Bwana Zahor miaka miwili
kwa sababu ya mpira mwembamba kama kidole,
tone, tone, juu ya boneti ya gari lake.
Siku nilipoteleza bafuni nikavunjika nyonga
ni gari hilohilo lililonipeleka hospitali,
na boneti ilikuwa bado ina doa.
Nililitazama njia nzima.

Haya, nyasi.
Najua Salha anataka kijani mlango ukifunguliwa.
Mwezi wa sita nyasi hunywa kuliko ngamia,
na bili ya maji haina haya,
huja hata siku ya Idi.
Sisi tulizipanda, Mawaleh, mwaka tuliohamia.
Ami yako, Mungu amrehemu, kila baada ya alasiri
kanzu kaipandisha magotini, mpira mkononi,
akisema: zinanuka Rumonge, mvua ikishakatika.
Hazikunuka Rumonge.
Zilinuka mpira.
Sikumwambia.

Alipoondoka nikamwaga kokoto.
Watu wakasema, Bi Ghanima, umefanya la maana,
na bili ikashuka, kweli,
na uwanja ukawa unapiga kelele
kila mtu akipita, isipokuwa yeye.

Kwa hiyo panda. Usinisikilize sana.
Kipande cha ukubwa wa mswala, upande wa kivuli,
pale yanapotoka maji ya kutawadhia.
Watoto wa jirani wakija kuzikanyaga, waache,
bora zichakae kwa miguu kuliko kwa jua.

Na ile sahani ikichelewa, usiidai.
Ikirudi tupu, ioshe, uiweke.
Ikirudi na tende,
nipigie simu, hata kama ni usiku.