Laini C, Namba Kumi na Nne

Anayeniuliza njia ya kufika kwangu
namwambia: ukitoka Tanga mjini, shuka penye duka la marumaru,
fuata ukuta wenye nyaya za umeme,
ukiona nyumba imeinama kidogo
kama mtu anayedukiza mlangoni,
ndiyo hiyo.
Ngamiani wana namba za barabara, sisi tuna namba za milango.
Yangu iliandikwa kwa lami mwaka wa mvua nyingi.
Nimeipaka rangi mara tatu,
mara tatu imejitokeza.

Siku hizi hati zinasema Mtaa wa Bustani.
Sisi tulipaita Kambini,
na Wadigo wa ng'ambo ya Mto Zigi, waliotuuzia nazi,
walituita Weupe,
maana jioni tulirudi machimboni na chokaa hadi kwenye kope:
Mmakonde, Mha, Mbondei, rangi moja,
na kuku wetu, na kanga kwenye kamba,
na ugali, ukichelewa kuufunika.

Saa saba kasoro king'ora kililia.
Mama alishusha vikombe kabatini kimoja kimoja,
akavilaza juu ya godoro kama watoto,
akakaa.
Ardhi ikakohoa.
Akavirudisha.
Miaka kumi na tisa, kila siku ya kazi,
hakuvunjikiwa hata kisahani.
Kilichokatika ni vidole viwili vya baba, vya kushoto,
naye akisema, "Jiwe nalo linakula,"
akanyoosha mkono uliobaki mzima kuomba chumvi.

Karani Semkiwa alipima malori.
Mizani yake ilikuwa na dini yake yenyewe:
tani za kampuni zilifunga, zetu zilifungua.
Kila mtu alijua. Kwenye msiba wake tulijaa.

Kisha shimo likafika majini.
Pampu zikanguruma miezi minne, maji yakazizoea.
Kampuni iliondoka Jumanne,
ikabandika ofisini orodha ya vilivyoachwa:
tanuru moja, lori bovu mawili, vitoroli ishirini na sita.
Tuliisoma hadi chini, mpaka kwenye muhuri.
Sisi hatukuwamo.

Nantipa wa Laini A aliuza mlango wake,
halafu dirisha,
halafu akauza pengo lililobaki
kwa mtu wa forodha, aliyelijenga ghorofa.

Hivyo ndivyo walivyokuja, na si watu wabaya.
Daktari Kiluvia hunipa lifti nikiwa na mzigo.
Akichimba shimo la choo, sururu inatoa cheche,
anakuja kuniuliza, kana kwamba jiwe ni ndugu yangu.
Ukuta wake unapasuka kila mwaka palepale.
Nilimwambia, hapo ndipo reli ya vitoroli ilipopita.
Akacheka. Akaleta fundi.
Ukapasuka.

Na lile shimo sasa lina bata,
lina kibao cha kukataza kuogelea
na vijana wanaokianikia mashati.

Jumapili tulikutana kupiga kura ya jina.
Wazee wa laini walikaa upande mmoja, wamenuna:
Kambini ni Kambini, nani alizikwa Bustani?
Wakanitazama mimi, mtoto wa fundi baruti.

Lakini nilikumbuka kopo la maziwa pale kizingitini,
na asmini ya mama ndani yake,
jinsi alivyoifuta kwa kitambaa, jani kwa jani,
kila jioni, baada ya kutuosha sisi.
Ilipochanua hatukujua.
Tulidhani ni vumbi,
mpaka usiku, iliponukia.

Nikanyoosha mkono: Bustani.
Shekiondo wa Laini B hajanisalimu hadi leo.

Mwenyekiti alihesabu kwa kidole, akapotea, akaanza upya,
na kwa makosa akanihesabu mara mbili.

Nilinyamaza.