Kabla ya Esi, Baada ya Esi

Mimi mwandika vibao, Tandika, nyuma ya soko,
jirani na mashine ya kusaga.
Brashi tatu, ya nne imenyonyoka.
Nimeandika bucha, gereji, duka la dawa,
na USIKOJOE HAPA mara nyingi kuliko jina langu.

Kiingereza nilikipata kwa Mwalimu Mlelwa
aliyefundisha ritifaa kwa chaki na fimbo:
"Kabla ya esi, mwenye mali ni mmoja.
Baada ya esi, wako wengi.
Ukikosea, umemdhulumu mtu."
Tulicheka. Alama yenyewe kama kiluwiluwi;
nani amewahi kudhulumiwa na kiluwiluwi?

Kwetu ritifaa haina mali.
Inakaa ndani ya ng'ombe, ndani ya ng'ambo,
inaizuia sauti isimwagike, basi.
Na mali zetu tunazitaja kwa kuanza na kitu:
saluni ya, kiti cha, jina la.
Neno linainama kukifuata kinachomilikiwa,
mwenyewe anangoja nyuma, awe mmoja, wawe kumi.
Kiingereza kinataka kwanza kujua ni nani,
na mko wangapi,
kama mjumbe wa nyumba kumi siku ya mirathi.

Walikuja wawili, Mwavita na Sikudhani.
Fremu waliachiwa na mama yao, muuza mafuta ya taa,
na harufu ilikuwa haijatoka ukutani.
SISTERS' SALOON, waridi juu ya njano.
Nikawaambia o moja inatosha. Wakasema
ya jirani ina mbili, tusionekane tumepungukiwa.
Ritifaa nikaiweka baada ya esi,
nikauzungusha mkia wake taratibu.
Elfu kumi na tano, na soda.

Mwaka haujaisha, Mwavita akaja peke yake, mchana wa jua kali.
"Fundi, kile kidude kirudishe kabla ya esi."
Alifika kidato cha nne. Alijua anachoomba.
"Mwenzio ana habari?"
"Leseni nalipa mimi."
Elfu mbili. Nyumbani unga ulikuwa umeisha.
Nikapanda ngazi, nikafuta kwa njano,
nikaibana upya kati ya R na S.
Hakuna mpita njia aliyegeuza shingo.
Sentimita sita tu,
na mtu ametolewa kwao
bila kelele, bila mahakama ya mwanzo.

Sikudhani hakumaliza la saba.
Aliyemsomea kibao ni binti yake, Zamda.
Jumapili alfajiri kidude kilikuwa kimekwanguliwa kwa msumari
mpaka bati likaonekana.
Mwavita akanituma nikichore tena. Nikachora.
Kikakwanguliwa tena.
Sasa pale pana kovu, na mimi
nilikuwa nakula pande zote mbili za kovu hilo,
sitaficha.

Madereva wa bajaji hawajawahi kusoma kibao.
Wanauliza, "Nikushushe Kwa Bi Mwanshamba?"
Jina la mama, marehemu.
Mji huu ndivyo ulivyo: Kwa Azizi Ali, Kwa Mtogole,
kwa fulani, kwa fulani,
na "kwa" haikaguli nani yuko hai,
haidai risiti.

Mwezi jana waliniita wote wawili.
Walikaa benchi moja, kila mmoja akitazama simu yake.
Sikudhani akatoa elfu moja, Mwavita akatoa elfu moja.
"Futa tu," akasema mmoja,
sikumbuki yupi, sauti zao zinafanana.
"Nichore wapi?"
"Tumesema futa."

Nikapaka njano juu ya kovu, mara mbili.
Yakabaki maneno mawili yaliyosimama karibu:
dada wengi, saluni moja,
na katikati yao hakuna anayemiliki kitu.

Bado niko juu ya ngazi, Zamda akapita na begi lake la shule.
Akainua kichwa, akasoma, midomo ikicheza.
"Babu, hapo pana kosa."
"Najua, mama.
Usiguse ngazi. Rangi haijakauka."