Banio

Kahawa ya Kibosho imegoma kupimwa.
Mizani inasema kilo arobaini na mbili na nusu,
skrini inasema sifuri,
na Mama Ndeshi wa chama cha msingi kapiga simu mara tatu.
Mara ya nne hakusalimia.

Niko ghorofa ya pili, mtaa wa Rengua, Moshi,
chini yangu cherehani inakimbiza sare za shule.
Programu hii niliiandika mimi,
mistari mia tisa, nikajigamba nayo hata kanisani.
Leo naiambia mashine: nichoree kila ninachokitegemea.

Ikachora.
Katikati duara lenye jina la mradi wangu,
kisha vifurushi kumi na vinne nilivyovileta mwenyewe, kwa bando la usiku,
kisha vilivyoletwa na hivyo,
kisha vilivyoletwa na vilivyoletwa,
mshale juu ya mshale, hadi skrini ikawa
kichwa cha mtoto aliyekataa kuchanwa.
Mia sita thelathini na kimoja.
Harusi ya kwetu hasa:
kadi ya watu wawili, wanashuka kumi na wawili
na wana vyombo vyao.

Navuta karibu. Nasukuma mbali.
Naficha vya majaribio, mia mbili vinazimika.
Hiki cha tarehe. Hiki cha kupaka maandishi rangi.
Hiki sikijui, nacho kipo mara tatu,
matoleo matatu, hayasalimiani.

Nilipokuwa na miaka kumi maji yalikatika shambani kwetu Uru,
nikatumwa kupanda na mfongo,
jembe begani limenizidi urefu.
Kila mgawanyo nilikuta mtu anamlaani wa juu yake.
Huko juu kabisa, kwenye banio, hapakuwa na mtu wa kulaaniwa,
palikuwa na majani, tope,
na kandambili moja ya bluu.

Nikafuata mishale.
Pembeni, karibu nje ya skrini, duara dogo kama punje:
mishale mia na tisa inaingia, hakuna unaotoka.
Mistari kumi na mmoja.
Kazi yake kufuta nafasi tupu mbele ya namba,
basi.
Mtunzaji mmoja. Toleo jipya, jana usiku,
na ndani yake nukta imegeuka mkato.
Chini kaandika: samahanini, nina mgonjwa, nimefanya haraka.

Nilikuwa nimeshaandaa matusi.

Nikarudisha toleo la juzi, nikalifunga lisihame.
Simu ikalia. “Inasoma,” akasema Mama Ndeshi,
“kumbe kilikuwa kitu kidogo tu,”
akakata kabla sijajibu.

Sikufunga mchoro.
Niliburuta lile duara dogo nikaliweka katikati,
yote mengine yakajipanga upya kulizunguka,
na mradi wangu, wenye mistari mia tisa,
ukasogea taratibu hadi ukingoni,
jani miongoni mwa majani.

Kisha nikamwandikia yule mtu: pole na mgonjwa.
Sijui lugha yake.
Nikaacha hivyo hivyo.