Kisanduku Kisicho na Jina

Vatersay zahanati hakuna. Unavuka tuta mpaka kisiwa cha pili,
na mapokezi anakaa Morag, mpwa wa marehemu mume wangu,
mwenye sauti ya kuitia kondoo:
"Leo unaumwa nini, Oighrig?"
Benchi zima linageuza shingo.

Nina miaka sitini na mitatu. Niseme nini?
Kwamba haja ndogo inachoma?
Kwamba mjane wa mtunza mishumaa ya kanisa
anafua nguo zake za ndani usiku?

Basi nikangoja usiku huo huo,
upepo ukigonga mlango kama mdai,
nikafungua kompyuta aliyoniachia mjukuu.
Haikukohoa. Haikuitazama pete yangu.
Iliuliza tu, kwa herufi nyeusi:
miezi mitatu hii umelala na nani?
Mlitumia kinga?
Nikajibu hapana. Nikafuta. Nikajibu tena hapana,
nikatafuta pa kueleza
kwamba kinga niliijua kuwa ni ya kuzuia mimba,
na mimba tuliagana zamani, bila kinyongo.
Mahali pa maelezo hapakuwapo.
Ndiyo. Hapana. Endelea.

Siku ya tatu posta ikafika.
Fearchar alinipa kwanza bili ya umeme,
kisha orodha ya mbegu za viazi,
kisha, mwisho kabisa, kisanduku cha rangi ya mchanga,
hakina nembo, hakina jina la mtumaji,
na kwa hiyo kila mpeleka barua anakijua.
Hakuingia.
Alhamisi zote tangu Krismasi aliingia, akavua buti.

Bafuni nikafuata mchoro wa mwanamke asiye na uso:
kijiti cha pamba, zungusha, hesabu,
kitie kwenye kichupa, kaza kifuniko.
Miwani ikaniteleza. Nikajicheka peke yangu.
Kisha nikavaa koti, nikatumbukiza bahasha kwenye sanduku jekundu
ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja tu,
naye akaibeba siri yetu begani
mpaka kwenye ndege ile inayotua ufukweni maji yakipwa.

Klamidia.
Ukilisoma haraka utadhani ni ua la bustanini.

Daktari alitokea kwenye kioo kutoka Glasgow,
msichana, Parveen, kikombe chake kina ufa.
Vidonge viwili kwa siku, asubuhi na jioni, siku saba.
Siku hizo, usilale na mtu.
Halafu akasema, "Na mwenzi wako..."
mtandao ukamgandisha hapo, mdomo wazi,
nami nikabaki kulitazama neno hilo kinywani mwake.
Aliporudi akasema wanaweza kumpelekea ujumbe
bila kunitaja jina.
Mwanangu, nikamwambia, huku tuko watu tisini.
Huku "bila jina" ndilo jina langu.

Alhamisi nikafungua mlango kabla hajagonga.
Mvua ilikuwa imemlowesha nusu moja tu, upande wa bahari.
Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri,
yote yakanikimbia.
Nikasema: "Fearchar, hicho ulichoshika ni dawa."
Akasema: "Najua."
Akaingiza mkono ndani ya koti,
akatoa kisanduku cha pili, pacha wake,
jina lake mwenyewe juu, kimefunguliwa pembeni.
"Hiki nimejipelekea," akasema. "Nikasaini mwenyewe."

Sikumuuliza aliutoa wapi. Nitamuuliza.
Kuna Oban, kuna miaka mingi kabla ya Alhamisi,
na marehemu wangu naye alikuwa baharia.

Alivua buti.
Karatasi ya dawa inasema maziwa yasifuatane na vidonge,
nikayarudisha maziwa kabatini,
nikajaza bilauri mbili za maji.
Tukakaa, meza katikati yetu,
kila mtu akihangaika na karatasi yake ya fedha,
vidole vya uzee, vidonge vigumu kutoka.