Kola ya Namba Saba

Jumatatu, Keko. Randa zimelala,
hakuna fundi aliyeshika kazi:
jana tumefungwa, dakika ya themanini na nane.

Fundi Chambuso amekalia kabati lisilo na milango
la mteja aliyelipa tangu Mfungo Sita.
"Msinitajie hawa watoto.
Shazia! Shazia yule wa themanini na nne,
guu la kushoto likiushona uwanja wa Shamba la Bibi
kibendera hadi kibendera, bila fundo.
Beki alibaki anajipapasa mifukoni akitafuta mpira."

Likwepa hajazima hata pikipiki:
"Ulimwona kwa macho, au redioni?"
Kimya. Msumeno mmoja, mbali.
"Redioni. Lakini redio za zamani zilikuwa hazisemi uongo."

Kicheko kinarusha maranda.

Bi Mwanamvua wa supu anagonga sufuria kwa upawa:
"Shazia akicheza Jumapili, Jumatatu yuko bandarini na magunia.
Huyu Deusi wenu anashuka kwenye gari la vioo vyeusi
ameshika kitana."
"Na hafungi!"
"Aliwafunga wale wa kusini mawili."
"Wale? Hata bibi yangu na bakora yake angewafunga."
"Basi bibi asajiliwe, dirisha dogo hilo linakuja."

Hivyo hivyo, mpaka supu inaganda mafuta.
Wanamfufua na kipa Mkude, aliyedaka penalti ameumia:
mwaka juzi alifungwa bandeji kidole,
mwaka jana kiganja, leo mkono mzima.
Tukijaliwa uzima, mwakani atadaka hana mikono.

Mimi napiga pasi.
Jezi za timu hii nazifua tangu enzi za baba,
tangu pasi ya mkaa, nikisimama juu ya kreti la soda
ili niifikie meza; tangu jezi za pamba
zilizokunywa beseni zima na kudai jingine.
Hawaniulizi. Dobi anajua nini kuhusu mpira?

Ningewaambia: jezi ya Shazia ilikuja na tope
kiwiko cha kushoto tu, kila wiki, pale pale.
Goti lilikuwa bovu. Akianguka, alilikinga.
Mechi tatu za mwisho, tope hakuna.
Alikuwa hakimbii tena.
Redioni wakasema: Shazia siku hizi ametulia.

Ya Deusi inakuja safi, inanukia marashi,
hapo siwezi kumtetea.
Lakini kola.
Kola imetafunwa, na si panya,
panya hana utaratibu ule:
meno ya mbele, upande wa kulia,
upande anaougeuzia jukwaa letu
tunapoanza kumwimba mama yake.
Kila Jumatatu naishona kwa uzi wa kijani.
Kila Jumatatu inarudi imeliwa zaidi.
Ya jana ni nyuzi tupu.

Ana miaka ishirini.
Kitindamimba wangu ana ishirini na miwili
na bado ananiomba nauli.

"Eti dobi," Chambuso ananiita,
mara ya kwanza tangu tulipomzika baba,
"Shazia na huyu, nani zaidi?"

Wote wamegeuka. Hata pikipiki imezimwa.
Nailaza pasi juu ya kola, isionekane.

"Jezi za zamani," nasema, "zilikuwa nzito."

"Mmesikia! Mmesikia!" Kabati linapigwa ngumi
mpaka rafu inadondoka,
na Likwepa anasema uzito wa jezi si magoli,
na wanaanza upya, kutoka kibendera.

Jioni nimekwenda kwa fundi makochi
kuomba uzi wake mnene, ule wa ngozi.
Hakuniuliza wa nini.
"Huu hauingii sindano yako," akasema,
akapekua kopo la misumari,
akanipa shazia.